Daraja juu ya barabara ya Bunia: nani atapanda ngazi?

Miezi michache iliyopita mama mmoja wa kwaya yetu aligongwa na pikipiki alipokuwa anavuka barabara kuu ya Bunia, akirudi nyumbani kutoka mazoezini. Mguu ulivunjika mahali pawili. Motari naye alianguka akachubuka uso, na kijana aliyekuwa amembeba nyuma alipoteza meno. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu hawakutawanyika. Walibaki uani, na neno lililosikika lilikuwa moja: tuombe daraja. Daraja la juu, la waenda kwa miguu, kama yale ya Nairobi tunayoyaona kwenye simu.

Tangu siku ile mazungumzo hayajaisha. Yameingia katika kikao cha wazee, katika kundi la akina mama, hata kwa vijana wanaosimamisha pikipiki zao mbele ya lango letu wakingoja abiria. Sisi tunaoandika haya tulikuwa upande wa daraja tangu dakika ya kwanza. Tulikwisha kuandika hata kichwa cha barua kwa Bwana Meya. Kisha tukaanza kuuliza habari za wale waliokwisha kuishi na madaraja ya namna hiyo, tukahesabu ngazi, na Jumamosi mbili tukasimama kando ya njia tukitazama watu wanavyovuka. Barua haijaondoka. Tunataka kueleza kwa nini, na ni barua gani tungeiweka mahali pake.

Tuanze na barabara yenyewe. Barabara ya taifa namba 27, RN27, inaachana na RN4 pale Komanda, inapita Bunia, kisha inapanda kuelekea Mahagi na kufika Goli kwenye mpaka wa Uganda. Saruji, mafuta ya gari, sukari, sabuni, mabati: sehemu kubwa ya vitu ambavyo havioti shambani kwetu inapita humo. Wakati wa fujo njia ilipofungwa, bei ya chumvi sokoni ilitueleza habari kabla ya redio. Kwa hiyo hatuandiki juu ya barabara kama adui. Makanisa yetu yamefunga na kuomba ili ifunguke, na ikifunguka tunafurahi.

Ila kuna jambo ambalo hatukulifikiria tulipokuwa tunaomba. Zamani mashimo na matope ndiyo yalikuwa polisi wetu wa barabarani. Dereva alipunguza mwendo, apende asipende. Mahali lami ilipowekwa na kifusi kilipolainishwa, polisi wale waliondolewa, na hakuna aliyewekwa mahali pao. Njia ikawa nzuri kwa gari, lakini mtu wa miguu akabaki na njia yake ya jana: ukingo wa mtaro, kati ya meza za wauzaji na magurudumu.

Ongeza jambo jingine ambalo sisi wa mpakani tunalijua vizuri. Uganda wanaendesha upande wa kushoto, sisi upande wa kulia. Lori kutoka Kampala likivuka mpaka linabadilisha upande, lakini usukani unabaki pale ulipo, kulia. Dereva akitaka kulipita gari lililo mbele yake, lazima atoe kwanza pua ya lori lake katikati ya njia kabla macho yake hayajaona kinachokuja. Na mtoto aliyerudi kutoka likizo kwa shangazi yake Arua, kwa siku kadhaa bado anatazama kwanza upande usiofaa. Ni mambo madogo kama haya yanayoua, na daraja halina jibu kwa yote.

Sasa turudi uani. Vijana walikuwa na hoja ya heshima. Bunia ni makao makuu ya jimbo la Ituri tangu mwaka 2015 majimbo yalipogawanywa, na mji wa namna hiyo, walisema, unapaswa kuonekana. Daraja linaonekana kwa mbali, watu watapiga picha. Akina baba wengi waliangalia usalama wa watoto wa shule, na hiyo ndiyo hoja iliyotushika sisi pia. Motari walikubali haraka kuliko wote. Walitaka watu wapande juu na kuwaachia njia. Tulicheka, lakini baadaye tuliona kwamba hao ndio waliosema wazi daraja la namna hii ni kwa ajili ya nani. Anayepewa nafasi ni gari. Anayepewa kazi ya kupanda ni mtu wa miguu.

Mama mmoja anayeuza ndagala za Ziwa Albert aliuliza kama beseni lake nalo litapanda. Kila mtu alidhani ni mzaha. Sisi tunaona ni swali la fundi, na tumejaribu kumhesabia.

Daraja juu ya barabara ya malori lazima liache nafasi ya mita 5 na zaidi chini yake, kusudi lori lililojaa mizigo lisiligonge. Ongeza unene wa daraja lenyewe, na mguu wa mtembeaji unakuwa karibu mita 6 juu ya lami. Ngazi moja ya kawaida ina kimo cha sentimita 16 au 17. Basi mama huyo atapanda ngazi kama 36 akiwa na beseni kichwani na pengine mtoto mgongoni, atembee juu, ashuke ngazi 36 nyingine, na jioni afanye vilevile akirudi. Hayo yote kwa kuvuka njia ambayo upana wake ni hatua chache tu. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi ngazi hata moja; yeye anahitaji mteremko. Mteremko unaofaa kwa kiti kama hicho huchukua karibu mita 12 za urefu kwa kila mita moja ya kimo. Mita 6 za kimo ni mita 72 kila upande, mbali na sehemu za kupumzikia. Mlemavu atasukumwa zaidi ya mita 150 ili afike upande wa pili, ambako angeweza kumpungia mkono rafiki yake. Na je, iko wapi katikati ya Bunia nafasi ya mita 72 kila upande bila kuvunja maduka?

Bunia si mji ambapo kila mtu ana miguu mizima. Ituri ilipita katika vita vya 1999 hadi 2003, na tangu mwisho wa 2017 fujo zimerudi Djugu na sehemu nyingine. Waliokatwa kwa panga, waliopigwa risasi, wazee waliokimbia kwa miguu kutoka vijijini, wako katikati yetu. Wengine wako Kigonze na katika kambi nyingine za wakimbizi wa ndani, wengine wamepokelewa katika nyumba za waumini wetu. Tukisema daraja ni la watu wote, tuwahesabu na hao. Tulipouliza kundi letu la walemavu, walituambia wataendelea kuvuka chini. Walisema hivyo bila hasira, kama watu waliozoea.

Wale wanaotaka Bunia iwe kama Nairobi wana haki ya kutuuliza Nairobi yenyewe inasemaje. Barabara ya Thika ndiyo mfano wenye mafundisho mengi. Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi Novemba 2012: karibu kilomita 50 za lami kutoka Nairobi hadi Thika, sehemu kubwa ikiwa na njia nane, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, za Benki ya Exim ya China na za serikali ya Kenya. Inapita katikati ya mitaa ya watu wanaotembea, kama Roysambu, Githurai na Kahawa. Magari yalianza kukimbia mapema, na baadhi ya madaraja ya miguu yakaja nyuma. Watu wengi walikufa wakivuka.

Hatimaye madaraja yakajengwa, na bado watu waliendelea kuvuka chini yake. Ukisikia hivyo kwa mara ya kwanza unasema: ni uzembe, watu wetu hawafundishiki. Sisi pia tulisema hivyo. Lakini sikiliza sababu wanazotoa Wakenya wenyewe. Daraja liko mbali na kituo cha basi, na mtu aliyechelewa kazini hakubali kurudi nyuma nusu kilomita. Usiku ni giza, na vibaka wanajua kwamba mtu aliye juu ya daraja hana pa kukimbilia. Mchana wachuuzi wametandika bidhaa pande zote, na nafasi ya kupita imebaki ya mtu mmoja. Wazee magoti yanawauma. Basi kila mmoja anapima roho yake dhidi ya miguu yake, na wengi wanachagua kukimbia kati ya magari.

Kilichofuata ndicho kilichotuogopesha. Polisi wa Kenya pamoja na NTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, wamefanya misako ya kuwakamata wanaovuka chini ya madaraja na kuwapeleka mahakamani walipe faini. Daraja lilijengwa kumlinda mtu wa miguu. Likiisha kujengwa, kugongwa kunakuwa kosa lake. Wale tunaowajua sisi hapa, na namna faini zinavyolipwa kando ya njia bila karatasi, tunaweza kukisia mama wa ndagala ataombwa nini siku atakapokutwa chini ya daraja na beseni lake.

Tusiwaonee Wakenya. Barabara ya njia nane ambapo magari yanakimbia kilomita 100 kwa saa haina dawa nyingine: ni daraja au njia ya chini ya ardhi. Mtu anayesema watu wavuke pale kwa mistari myeupe anawatuma kufa. Lakini angalia mpangilio wa mambo. Kwanza iliamuliwa kwamba magari yatakimbia katikati ya watu. Daraja lilikuja kama malipo ya uamuzi huo. Katika Bunia uamuzi huo haujafanyika. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka malori yapite sokoni na mbele ya shule kwa mwendo wa safari ndefu. Tukianza kwa kuomba daraja, tumejibu swali hilo kabla halijaulizwa, na tumejibu ndiyo.

Hapo ndipo tulipobadilisha mawazo. Katika mji, kabla ya kumwinua mtu, tumpunguze mwendo dereva.

Hili si wazo letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwaka 2023 hesabu ya watu milioni 1.19 waliokufa barabarani duniani katika mwaka 2021, na Afrika ndilo bara ambako hatari ni kubwa kuliko kwingine ukilinganisha na idadi ya watu, ijapokuwa magari yetu ni machache. Kwa watoto na vijana kuanzia miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi duniani. Miaka mitatu kabla yake, Februari 2020, mawaziri waliokutana Stockholm walikubaliana kwamba mahali magari na watu wa miguu wanapochanganyika, mwendo usipite kilomita 30 kwa saa.

Kwa nini 30? Mwalimu wa fizikia katika shule yetu alituchorea ubaoni. Dereva aliye macho anahitaji karibu sekunde moja tangu aone mtoto mpaka mguu wake ukanyage breki. Kwa mwendo wa kilomita 30, gari linasimama baada ya mita 13 hivi. Kwa kilomita 50, linahitaji karibu mita 28, na hiyo ni kwa breki nzima, lami kavu na tairi nzuri. Nani anaweza kuapa juu ya breki za malori yanayoteremka kutoka milimani kuja Bunia? Mtoto aliyetokea mita 15 mbele, dereva wa kwanza anasimama mbele yake. Wa pili anapofika alipo mtoto, breki ndiyo kwanza zimeanza kushika.

Dar es Salaam walifanya jambo ambalo sisi makanisa tungelisoma kwa makini. Wao wanayo madaraja ya miguu, kama lile la Manzese juu ya Barabara ya Morogoro, ambayo ni barabara pana na yenye magari mengi. Lakini kwa shule za msingi za mitaa shirika moja linaloitwa Amend lilichukua njia nyingine. Lilitafuta shule ambazo watoto wake wanagongwa zaidi, likatembea na watoto kutoka nyumbani mpaka darasani, kisha likaweka matuta, njia ndogo za miguu, vizuizi vya kutenga watu na magari, na alama. Mahali pengine lango la shule lilihamishwa, likatolewa kwenye barabara kubwa na kuwekwa njia ya pembeni. Uchunguzi uliolinganisha shule zilizofanyiwa kazi na zile zisizofanyiwa ulionyesha kwamba majeruhi walipungua kwa karibu robo. Mwaka 2019 kazi hiyo, iitwayo SARSAI, ilipewa tuzo ya kimataifa ya WRI Ross.

Lango! Tuliposoma habari hiyo tulitazamana. Ni shule ngapi za Kiprotestanti katika mji wetu ambazo lango lake linamwaga watoto mia kadhaa moja kwa moja barabarani saa sita na nusu? Ni makanisa mangapi ambayo mlango wake mkubwa unatazama malori, kwa sababu siku ya kujenga tulitaka kanisa lionekane na wapita njia? Kwa kuhamisha lango hatuhitaji sahihi ya gavana wala pesa za Kinshasa. Tunahitaji fundi, matofali, na kikao kimoja ambacho hakitagombana juu ya nani alitoa sadaka ya lango la zamani. (Tunajua kwamba sharti hilo la mwisho ni gumu.)

Biblia ina amri ambayo hatuihubiri sana. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mjenzi haambiwi amfundishe mgeni kutembea vizuri, wala amtoze faini akianguka. Anaambiwa ajenge akikumbuka kwamba watu huteleza. Tungependa wahandisi wa barabara waisome, lakini tulipoisoma tuliona kwanza lango letu wenyewe.

Katika kikao cha wazee, hoja nzito kuliko zote dhidi yetu ilitoka kwa baba mmoja aliyefanya kazi ya serikali miaka mingi. Alikumbusha kwamba rangi inafutika baada ya msimu mmoja wa mvua, alama za chuma zinaibwa, polisi wa roulage wanahamishwa au wanaangalia mifuko. Daraja, alisema, likisimama limesimama, halipokei rushwa. Hatukuwa na jibu la haraka, na hata sasa tunaona alisema ukweli mwingi. Dawa inayotegemea polisi wema kila siku si dawa kwa mji wetu. Lakini tuta la lami nalo halipokei rushwa. Halihitaji mshahara, halilali usiku, na dereva wa mkubwa fulani mwenye vioo vyeusi analipanda polepole kama sisi. Kisiwa cha saruji katikati ya njia, ambapo mama anavuka nusu, anapumua, kisha anavuka nusu nyingine, nacho hakihami. Tena daraja la chuma linahitaji matunzo, taa na mlinzi wa usiku, na nchi yetu ina madaraja mengi yaliyosimama vizuri siku ya uzinduzi.

Matuta yana ubaya wake, na tuuseme. Tuta refu mno lisilo na rangi wala alama linaua motari usiku. Gari la hospitali linachelewa. Ndiyo sababu tunawasihi vijana wetu: baada ya ajali, msichimbe njia wala msirundike udongo kwa hasira. Tunaelewa uchungu wenu, lakini mtu wa kwanza kuanguka pale gizani atakuwa kijana kama ninyi. Isitoshe Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Rais alitangaza Oktoba 2023 kwamba utalegezwa hatua kwa hatua, lakini si siku za kufunga barabara ya taifa na kutumaini kwamba mtaeleweka.

Basi nani aulizwe? Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, na viongozi hawajisumbui kuwafumbua macho. Barabara ya taifa ni ya Leta, na mwenye kuishughulikia ni Office des Routes. Njia za ndani ya mji na mitaro yake ni kazi ya Office des Voiries et Drainage, OVD. Meya ndiye mwenye mji, lakini hawezi kumwaga tuta juu ya RN bila kukubaliana na hao. Pesa za kutunza barabara zinapita katika mfuko wa FONER, ulioundwa kwa sheria mwaka 2008, nao unajazwa na kodi iliyo ndani ya bei ya mafuta na ushuru wa vizuizi vya barabarani. Maana yake, motari anaponunua lita moja ameshalipa, na mama wa ndagala aliyempa motari nauli naye ameshalipa. Hatuendi kuomba msaada. Tunauliza matumizi ya pesa yetu.

Ndiyo maana pia hatukubaliani na wazo lililotolewa uani kwamba makanisa yakusanye sadaka ya pekee kwa ajili ya daraja. Hatutaki kuwa wagumu. Lakini tukijenga kitu juu ya barabara ya Leta kwa sadaka za wajane, siku kitakapolegea hakutakuwa na mwenye kukitengeneza, na siku kitakapomwangukia mtu watakuja kutafuta kanisa. Sadaka ihamishe malango yetu. Salongo ya Jumamosi isafishe mitaro na kuondoa takataka zinazowasukuma watu katikati ya njia. Barabara yenyewe tuidai kwa wenye kuwajibika.

Katika barua mpya tunapendekeza makanisa ya Bunia yasiandike moja moja. Mbele ya Mungu sisi ni wengi na mwili mmoja, lakini mbele ya ofisi za mji tumezoea kila jumuiya kwenda na mchungaji wake na koti lake. Tuandike pamoja, na Wakatoliki na Waislamu wakiitwa, kwa sababu lori halimuulizi mtu dini kabla ya kumgonga. Tusiombe kitu kwa jina lake kabla ya kueleza ugonjwa. Tueleze mahali: mbele ya shule fulani, kwenye njia ya soko, kwenye kona isiyoonekana. Tueleze saa. Kila kanisa lina waumini wanaojua kusoma na kuandika. Wakikaa kando ya njia siku tatu na daftari, wakihesabu wanaovuka na wanaokoswakoswa, ofisi haitaweza kusema haina habari. Kisha tuombe mwendo upunguzwe pale kwa vitu vya kudumu, vya lami na saruji, kisiwa cha katikati mahali njia ni pana, na mahali pa kutembea kando ambapo meza za biashara hazitapangwa. Hilo la meza litatugombanisha na waumini wetu wenyewe. Tusilifiche.

Je, tumelikataa daraja kabisa? Hapana. Ikiwa siku moja barabara itapanuliwa, ikawa ya njia nne za kasi, na wahandisi wakasema hapa mwendo hautapungua, tutakuwa wa kwanza kudai daraja, na tutadai lijengwe kabla ya barabara kufunguliwa, lenye mteremko wa viti vya magurudumu, lenye taa, na liwekwe pale watu wanapovuka, si pale ambapo kiwanja kilipatikana kwa urahisi. Katika Kivu Kaskazini, Congo na Uganda walizindua mwezi Juni 2021 kazi ya barabara za Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, na Bunagana hadi Goma, jumla kilomita 223. Ndugu zetu wa makanisa ya kule wangefanya vizuri kuuliza sasa, kabla lami haijakauka, mtu wa miguu amewekewa nini katika michoro.

Na kama ni madaraja ya miguu, mji wetu unayahitaji, ila juu ya maji. Ukisema daraja katika kata zilizo kando ya Nyamukau na Ngezi, hakuna anayefikiri juu ya barabara. Anafikiri juu ya mbao zile zinazoteleza wakati wa mvua, na watoto wanaobaki nyumbani siku mto ukijaa. Pale hakuna njia ya chini. Pale kila mtu atapita juu, mama wa beseni, mlemavu, mtoto wa shule, bila polisi wa kumlazimisha. Tulishangaa kwamba katika wiki zote za kubishana juu ya daraja la kupigwa picha, mbao hizo hazikutajwa ila mara moja, na aliyezitaja alikuwa mtoto.

Mama wa kwaya ameanza kutembea tena kwa fimbo. Hajaacha kuimba, na hajui kwamba mguu wake umekuwa ajenda ya vikao vinne. Jumapili iliyopita tulimsindikiza mpaka ukingoni mwa njia. Alivuka mahali palepale, kwa sababu ndipo nyumbani kwake panapotazamana na kanisa. Aliinua fimbo juu ili aonekane. Motari wawili walisimama. Wa tatu alipita.